Tawi Ambalo Sijaliondoa

Jumapili ile nilirudi kutoka misa ya kwanza nikiwa nimeshika viatu mkononi, maana kile cha kushoto kilikuwa kinaniuma, nikakuta lango la kwetu liko wazi. Nje ya lango, kwenye barabara inayoshuka sokoni, tawi bichi la mgwava wetu wa uani lilikuwa limelazwa kukatisha njia, majani yake bado yana umande. Mtu mwingine angelisogeza kwa mguu akapita zake. Mimi nilisimama. Nilimwita papa, baba yangu, pale pale nje, nikaingia uani nikamwita tena, nikafungua chumba chake. Kitanda kilikuwa kimetandikwa vizuri, na jembe lake dogo halikuwepo nyuma ya mlango.

Ngoja nikueleze tawi lile lilikuwa na maana gani, rafiki yangu. Siku hizi nikianza kuyasema haya hapa Lubumbashi watu wananitazama kwa huruma, na huruma yao imenichosha. Wewe nisikilize tu.

Tulipokuwa watoto tulikaa hapa hapa mtaa wa Bel-Air, katika nyumba hii hii, na Jumapili baada ya misa sisi sote tulikuwa tunaenda kutembea porini. Usifikiri ilikuwa safari ya wawindaji. Ilikuwa njia laini, ya kwenda polepole, njia ya mama na watoto. Hata kambo aliiweza, yaani bibi yetu mzaa papa, na goti lake lilikuwa bovu tangu kabla sijazaliwa. Tuliteremka hadi mto Naviundu, tukaushika ukingo wa mto, tukapita mashamba ya mihogo, halafu miti ikaanza. Siku zile pori lilikuwa karibu. Mtoto alilifikia kabla hajapata muda wa kulalamika kwamba amechoka.

Papa peke yake ndiye hakujua kutembea polepole. Alifanya kazi kwenye karakana ya reli, kama baba yake aliyeshuka kutoka kaskazini ya Katanga kutafuta kazi hiyo hiyo, na kambo hakuacha kumtania mbele yetu. "Angalieni huyu mutoto wangu," alisema. "Anatembea sawa vile treni itamuacha." Papa alicheka, akaweka jembe begani, akatangulia. Kazi yake ilikuwa kufika kwanza pale penye miamba bapa, mto unapopinda, awashe moto na kufukia viazi vitamu kwenye majivu, ili sisi tukifika tukute vimeiva.

Nyuma tulibaki mama, kambo, yaya yangu na mimi. Yaya ni kaka yangu mkubwa. Kwetu mkubwa wako humwiti kwa jina. Mama alibeba bukari, ugali wetu, kwenye sufuria iliyofungwa kitambaa, sombe, yaani kisamvu, iliyopikwa na mawese, na samaki wadogo wa kukaanga ambao mimi na yaya tulikuwa tunawaiba mmoja mmoja njiani tukidhani haoni. Kambo alibeba kibuyu cha munkoyo, kile kinywaji chetu cha unga wa mahindi kinacholegezwa na mizizi ya porini, na hakukubali mtu mwingine akiguse. Jembe la papa lilikuwa la kuchimbia mizizi hiyo. Alichimba upande mmoja tu wa mmea, akarudisha udongo na kuukanyaga, ili mwaka unaofuata aurudie.

Sasa, pori lina njia nyingi, na zote zinafanana. Ziko za wachoma makala, yaani makaa, ziko za wanawake wa uyoga, ziko zingine hujui hata nani alizikanyaga, zinaingia nyuma ya kichuguu kikubwa kama nyumba na hapo zinaishia. Kwa hiyo kila palipokuwa na njia panda, papa alikata tawi bichi na kulilaza kwenye njia isiyo yetu. Hakuweka alama yoyote kwenye ile ya kufuata. Alifunga ile ya kupotelea. Wazee wake walifanya hivyo huko kaskazini na yeye akaja nayo mjini, kama wengine walivyokuja na ngoma au dawa. Ukikuta tawi limelala mbele yako, hiyo si njia yako, kamata nyingine, ndugu zako wamepita huko.

Na ilikuwako sheria ya pili, ambayo kambo ndiye aliyekuwa mwenye nayo. Mtu wa mwisho katika mstari analiokota lile tawi na kulitupa kando. Kwa sababu ya goti wa mwisho alikuwa yeye siku zote, basi kila njia panda tulimsikia nyuma yetu akiguna, akiinama, akilitupa majanini. Alikuwa anasali rozari akitembea, na katikati ya Salamu Maria alikatisha kumkemea yaya aliyekuwa anarusha mawe, kisha akaendelea pale pale alipoachia. Nilimuuliza kwa nini anajisumbua kuinama na hali mguu unamuuma. "Ukiliacha, unadanganya mwenye njia yake," alisema. "Na tena, tawi likiwa chini, ni kusema kuko muntu hayafika. Wa nyuma njo anafungula." Yaani kuna mtu hajafika bado, na wa mwisho ndiye anayeifungua njia.

Niseme ukweli, sikumbuki tena sura ya kambo vizuri. Ile sauti yake ya kuinama naisikia kila siku.

Pori lile lilikuwa na nyakati zake na sisi tulizijua kwa tumbo. Kabla ya mvua za kwanza, wakati joto limekazana na ardhi imepasuka, miti ilitoa majani mapya mekundu, na mama alisema twende tuone, ingawa hakuna cha kuchuma. Mvua zikija, uyoga. Uliokuwa mkubwa kama sahani tulimpa kambo aunuse kwanza, na kama alitingisha kichwa hakuna aliyebisha. Baadaye finkubala, wale viwavi tunaokaanga na chumvi, na baada yao au pamoja nao, masuku. Hujawahi kula tunda la masuku lililoanguka lenyewe, likalala usiku mmoja kwenye majani makavu? Basi sijui nikwambie nini. Ngozi yake inapasuka ukiibonyeza kidogo, na utamu wake unakaa kwenye vidole mpaka jioni.

Ni masuku yaliyotupoteza mimi na yaya. Tuliuona mti umejaa, pembeni kidogo ya njia, tukaacha wengine watangulie, tukasema tutawakuta. Tulikula, tukajaza shati la yaya, tukaona mti mwingine. Wingu lilikuja bila hodi. Mvua ya huku unaijua, hainyeshi kwa kujaribu. Ilipotulia tulikuwa mbele ya njia panda tusiyoijua, maji yanatiririka kote kote, sauti ya mto inatoka pande zote, na mimi nikaanza kulia. Yaya alinifinya mkono. "Nyamaza, angalia chini," aliniambia.

Tawi lilikuwepo. Limelowa, limejaa matope, lakini limelala pale papa alipolilaza. Kambo alikuwa amepita juu yake na goti lake na hakuinama, kwa sababu aligeuka nyuma akaona sisi hatupo. Alituachia. Tulikamata njia nyingine, na yaya, ambaye sasa ndiye alikuwa mtu wa nyuma, aliokota tawi akalitupa kando kwa fahari kama mtu mzima. Njia panda nyingine, tawi jingine. Na nyingine tena. Hatukuita mtu, hatukukimbia. Tuliangalia chini tu na pori likatupitisha.

Mtoni tulimkuta papa amesimama. Mama na kambo walikuwa wamekaa chini ya turubai karibu na moto, lakini yeye alikuwa amesimama kwenye mvua iliyobaki, uso umeelekea njiani, na kiazi chake kilikuwa mkononi hajakimenya. Hakutupiga. Hakupaza hata sauti. "Nilijua mutafika," alisema. "Njia nilifunga yote." Halafu ndipo akaketi, na ndipo akala.

Hiyo ndiyo Jumapili ninayoishi ndani yake hadi leo. Ninashikwa na mambo mengine, kazi, watoto, bei za sokoni, lakini nikifumba macho niko pale, nimelowa, nina njaa, na papa amesimama ananiangalia nikitokea mitini.

Kambo alitutoka. Tukakua, yaya akapata kazi Likasi, mimi nikaolewa, nikafiwa na mume, nikarudi nyumbani na wanangu. Mama naye akaenda. Na pori likaondoka vile vile, ila lenyewe hakuna aliyelilia. Kwanza miti mikubwa ikawa makala, na makala yale tulipikia sisi sote, usinitafutie mwenye kosa. Halafu mashina yakang'olewa. Halafu mtu akapima viwanja, kuta zikapanda, mbwa wakafungwa, na pale tulipookota masuku sasa pana mageti ya chuma yenye rangi ya bluu. Mto upo, ukiuita mto. Umekuwa mwembamba, maji yake siku nyingine ni ya kijivu na siku nyingine yana rangi ambayo sitaki kujua imetoka wapi. Ile miamba bapa nimeitafuta, sijaiona. Labda iko chini ya nyumba ya mtu.

Papa aliyaona hayo yote kwa macho yake na akayasahau. Kichwa chake kilianza kuchanganya siku, kisha watu. Aliniita kwa jina la mama. Nikamzoea. Kisha Jumamosi jioni akaanza kuuliza kama viazi vipo. Nilimjibu vipo, papa, na kweli nilinunua, nikamchomea hapa uani kwenye mbabula, jiko letu la makaa, akala vizuri huku akiangalia lango. Nilidhani inatosha. Nilidhani kinachomsumbua ni viazi.

Basi sasa umeelewa kwa nini nilisimama mbele ya lile tawi. Barabara ya sokoni ilikuwa imefungwa. Nilipiga moyo konde nikashika ile nyingine, peku, viatu bado mkononi. Kwenye kona ya shule nilikuta tawi la pili, la mgwava wetu huo huo, limelazwa kwa adabu kando kidogo ili wenye pikipiki wapite. Nikakata upande wa pili. La tatu nililikuta penye daraja la mfereji. Hutaniamini nikikwambia kwamba kwa muda ule nilifurahi. Nilikuwa natembea ndani ya mji wenye vumbi, redio zinapiga nyimbo za kanisa kila uzio, na papa alikuwa mbele yangu ananipitisha. Sikukimbia. Niliangalia chini tu, kama yaya alivyonifundisha. Na matawi sikuyaokota. Sijui kwa nini. Mkono haukutaka.

Halafu nikafika pale penye barabara nyingi zinazokutana, karibu na mto, ambapo mama mmoja anauza makala kwenye mifuko. Chini palikuwa peupe. Pamefagiliwa, unaona mistari ya ufagio kwenye vumbi. Pembeni yake moshi mwembamba ulikuwa unatoka kwenye majivu.

Nilimuuliza kama ameona mzee mwenye jembe. Hakumuona. Nilimuuliza kama ameona matawi.

"Niliyaona, mama," alisema. "Mabichi, yamewekwa mu njia asubuhi, yule aliyeyaweka hata haonekane. Nilisema hii ni mambo ya balozi, ya bachawi. Niliita benzangu ba kanisa, tukaombea, tukayachoma."

Niliweka mkono juu ya mfuko wake wa makala. Nilimwambia, mama, tafadhali, sikukasirikii, niambie kitu kimoja tu. Yalikuwa yamelala kwenye njia ipi?

Alitazama barabara zile. Alinyoosha kidole kwenye moja, akasita, akakigeuza kwenye nyingine. "Labda hii," alisema. "Na ile. Ama ile ingine." Ndipo akanitazama usoni vizuri, akaelewa kwamba si bulozi, si uchawi, akaweka mikono kichwani. Mwanamke wa watu alilia kuliko mimi. Ningemlaumu kwa lipi? Nani anajua tena matawi ya kaskazini? Wengine wakikuta tawi barabarani wanajua kuna msiba karibu, madereva wanajua kamio, yaani lori, imekufa mbele. Ujumbe wa papa ulikuwa na msomaji mmoja tu katika mji mzima, na huyo msomaji alikuwa misani.

Nilichagua barabara ya mtoni. Nilitembea hadi miguu ikachanika, nikiita kwenye kuta, mbwa wakinijibu. Yaya alikuja kutoka Likasi. Tulienda kwa polisi, tukaenda hospitali, na zile nyumba baridi za nyuma ya hospitali ambazo sitazisimulia. Tukatangaza kwenye redio. Vijana wa pikipiki, hawa tunaowaita manseba, walimtafuta bila kudai kitu, Mungu awabariki, hadi Kamalondo na kurudi.

Kilichopatikana ni kimoja. Dereva wa kamio ya mchanga alisikia tangazo akaja hadi kwetu, kofia mkononi. Alisema asubuhi ile, kwenye barabara kubwa itokayo mjini, mbali kabisa na upande niliouchagua mimi, aliona tawi njiani akafunga breki akidhani kuna kamio imeharibika. Mzee alikuwa amesimama kando na jembe. Dereva alimuuliza, "Papa, kamio iko wapi?" Na papa alimjibu kwa upole, "Pita polepole, mutoto wangu. Batoto beko nyuma."

Tulienda huko siku hiyo hiyo. Barabara ile magari hayakatiki, na gurudumu halina heshima na tawi. Hatukukuta hata jani. Tuliuliza kila kibanda. Mbele hakuna pori, rafiki yangu. Ukipita nyumba unakuta nyumba, ukipita hizo unakuta mashimo ya mchanga, halafu viwanja vilivyopimwa, halafu nyasi zilizoungua. Nilisimama pale nikaelewa kitu ambacho hadi sasa kinaninyima usingizi. Papa hakuwa anatangatanga. Alikuwa anatafuta mahali ambapo miti inaanza, ili awashe moto na kutungojea. Na miti haianzi. Imerudi nyuma mwaka hadi mwaka, na yeye yuko nyuma yake na mwendo wake ule wa treni, hawezi kusimama kwa sababu hajafika.

Mvua zimekuja tangu hapo. Yaya alirudi wiki iliyopita. Alikunywa chai, akazungusha kikombe, nikajua ana neno. "Ndogo yangu," alisema, "tuweke matanga. Tuombe misa, tukae chini na bantu, tulie. Banaanza kuongea. Hata yeye hawezi kupumuzika hivi."

"Weka kwako Likasi," nilimjibu. "Hapa kwangu hapana."

Alitoka nje avute hewa, na mimi nikamfuata, maana nilijua atakachokiona. Lile tawi la kwanza, la mbele ya lango, lipo. Majirani walinifuata kwa upole wakaniomba niliondoe, wengine walinifuata bila upole. Majani yalikauka yakaenda na upepo, gamba limeanza kubanduka, kimebaki kijiti tu. Kila asubuhi nafagia barabara na kulizunguka.

Yaya alilitazama. Kisha akainama, kama alivyoinama siku ile ya masuku, mkono umenyooka kuliokota alitupe kando.

"Yaya, wacha," nilisema.

Mkono wake ulibaki hewani. Alijua. Hakuna mtu mwingine duniani ambaye ningeweza kumwambia neno lile akaelewa bila kuelezwa. Aliketi chini pale pale barabarani, mtu mzima mwenye mvi, na shati lake la safari, akalia kwa sauti, na pikipiki zikatupitia kushoto na kulia.

Watu wanasema papa amepotea. Mimi namjua, hapotei mtu yule. Alifunga njia zote, moja baada ya nyingine, akatangulia, na mahali fulani huko mbele amesimama ameelekea njiani, kiazi mkononi, hajakimenya. Sisi ndio hatujafika.